Tairi halihesabu magunia, linapima kilo

KILA mwaka kuanzia Juni, mahindi yanapoanza kushuka kutoka vijijini, mazungumzo ya nauli mjini Songea huwa ni yale yale. Mfanyabiashara anauliza gunia moja mpaka Makambako au Dar es Salaam ni shilingi ngapi. Mwenye lori anataja bei yake. Wanavutana kidogo, wanakubaliana, kisha wapakiaji wanaitwa.

Baada ya hapo huja sharti la pili. Mzigo lazima ufike kesho asubuhi, kabla bei haijashuka sokoni. Dereva akiahidiwa chochote cha chai akiwahi, naye anaahidi kuwahi.

Swali moja haliulizwi: magunia hayo yakiwekwa pamoja yana kilo ngapi?

Kutouliza swali hilo kunawagharimu wakulima na wafanyabiashara wa Ruvuma fedha nyingi, na mara nyingine kunagharimu roho za watu. Biashara inahesabu magunia, lakini gari linahesabu kilo. Na uwezo wa gari kuongeza mwendo, au kuupunguza, una kikomo ambacho hakibadiliki kwa sababu soko limepanda bei wala kwa sababu dereva ni hodari.

Ni vema kikomo hicho kikaeleweka, kwa kuwa anayekielewa hawezi tena kupanga nauli kwa gunia.

Barabara ndiyo inayosukuma

Watu wengi huamini kwamba injini ndiyo inayosukuma gari. Kwa kweli injini inazungusha tairi tu. Tairi linaisukuma barabara nyuma, na barabara inajibu kwa kulisukuma gari mbele. Barabara isipojibu, tairi huzunguka palepale huku likirusha tope, na gari haliendi popote.

Kwa hiyo gari lina milango miwili ya kupita kabla halijachanganya. Mlango wa kwanza ni tairi na barabara: vinashikana kiasi gani. Mlango wa pili ni injini na uzito: nguvu iliyopo inagawanywa kwa kilo ngapi. Mwendo wa gari huongezeka kwa kadiri ya mlango ulio mwembamba zaidi kati ya hiyo miwili. Kuupanua ule ulio mpana ni kupoteza fedha.

Kwenye lami kavu, tairi la kawaida linaweza kusukuma kwa nguvu inayokaribia robo tatu ya uzito uliolikalia. Lami ikilowa, kiasi hicho hushuka mpaka nusu au chini ya hapo. Kwenye tope la mfinyanzi huweza kubaki moja ya tano tu.

Kutokana na hesabu hiyo, gari dogo linalosukuma kwa magurudumu yote manne, likiwa na matairi ya kawaida kwenye lami kavu, haliwezi kutoka kusimama mpaka kilomita 100 kwa saa kwa muda unaopungua sana sekunde nne. Linalosukuma kwa magurudumu mawili, yenye nusu ya uzito wake, linahitaji sekunde saba na nusu hivi. Hata likifungwa injini yenye nguvu za farasi 1,000, jibu ni lile lile.

Magari hayo hayo yakipelekwa kwenye tope, la kwanza litahitaji sekunde 14 na la pili sekunde 28. Injini haikubadilika. Kilichobadilika ni jibu la barabara.

Walioshinda kikomo hicho walilazimika kukikwepa. Gari la Waingereza liitwalo Thrust SSC, lililovuka kasi ya sauti katika jangwa la Black Rock nchini Marekani Oktoba 1997, lilifikia kilomita zaidi ya 1,200 kwa saa kwa kusukumwa na injini mbili za ndege. Magurudumu yake yalikuwa ya kuserereka tu. Yangeachiwa kazi ya kusukuma, kasi hiyo isingefikiwa.

Afrika Mashariki ilijifunza somo hili mapema katika mashindano ya Safari Rally. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968, mvua ziliharibu barabara kiasi kwamba magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu kila mara. Miaka yote miwili aliyeshinda ni Nick Nowicki akiendesha Peugeot 404. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda kwa gari la aina hiyo hiyo mwaka 1966 na 1967. Injini ya gari hilo haikufikia nguvu za farasi 100. Kwenye tope, nguvu zaidi ya hapo zisingekuwa na pa kushika.

Mbolea ndani ya masika

Mkulima wa Songea anaukuta mlango wa kwanza wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili. Huo ndio wakati mbolea inapotakiwa kufika shambani, na ndio wakati barabara za vijijini zinakuwa mbaya kuliko wakati mwingine wowote.

Ni kweli kwamba barabara kuu za mkoa zimebadilika. Lami ya Makambako hadi Songea ipo tangu miaka ya 1980. Barabara za Songea hadi Namtumbo na Peramiho hadi Mbinga ziliwekwa lami kwa fedha za Marekani, chini ya mkataba wa Changamoto za Milenia uliosainiwa mwaka 2008. Lakini mahindi hayaoti kando ya lami. Kutoka shambani mpaka kwenye lami bado kuna kilomita nyingi za udongo, na milima ya Ruvuma haijasawazishwa.

Chukua lori la ukubwa wa Fuso, lenye uzito wa tani 5 likiwa tupu, lililopakia tani 10 za mbolea. Jumla ni tani 15, na magurudumu ya nyuma yanayosukuma yamebeba tani 10 kati ya hizo. Kwenye tope yanaweza kusukuma kwa nguvu ya moja ya tano ya tani 10, yaani tani 2.

Sasa lori hilo likutane na mlima unaopanda mita 10 kwa kila mita 100. Mlima peke yake unalivuta nyuma kwa tani 1 na nusu. Tope linalozama chini ya magurudumu linaongeza robo tatu ya tani. Jumla ni tani 2 na robo dhidi ya tani 2. Lori limekwama, na lingekwama hata kama lingefungwa injini ya treni.

Wengi hapa hufikiri dawa ni kupunguza magunia. Kwenye lami hiyo ni dawa kweli. Kwenye tope mambo ni tofauti, kwa sababu ukipunguza mzigo unapunguza pia uzito unaoyakandamiza magurudumu yanayosukuma. Ndiyo maana lori tupu huteleza ovyo kuliko lenye mzigo, na ndiyo maana utingo hupanda nyuma ya pikapu na kurukaruka juu ya ekseli gari linapokwama. Hajasomea fizikia, lakini anachofanya ni sahihi.

Dawa ya tope ni kuongeza kushikana. Kunahitajika matairi yenye meno, minyororo ya kufunga kwenye magurudumu, au gari linalosukuma kwa magurudumu yote. Iliyo rahisi kuliko zote ni kalenda. Mbolea iliyosafirishwa Septemba au Oktoba, barabara ikiwa kavu na ngumu, inapita mlima ule ule bila msukosuko, kwa sababu nguvu inayopatikana ni zaidi ya mara mbili ya ile ya kwenye tope.

Kwa hiyo mkulima anayesubiri mvua inyeshe ndipo atafute mbolea ananunua vitu viwili: mbolea, na hatari ya lori kulala mlimani. Nauli ya masika ni kubwa kwa sababu hiyo, na si haki kuwalaumu wenye malori peke yao. Vikundi na vyama vya msingi vyenye ghala vingefanya jambo la maana kama vingechangisha mapema na kuhifadhi mbolea kijijini kabla ya mvua.

Hapa pia linaingia suala la matairi vipara. Kwenye lami kavu tairi kipara hushika vizuri tu, ingawa liko karibu kupasuka, na hilo ndilo linalowadanganya wenye magari. Meno ya tairi ni mifereji ya kutolea maji na kung'ata udongo. Mvua ikinyesha, tairi kipara huelea juu ya maji, na mlango uliokuwa wazi asubuhi unakuwa umefungwa jioni.

Mlango wa pili ni uzito

Kiangazi mambo hugeuka. Lori lililobeba mahindi kwenye lami kavu halina tatizo la kushikana. Tatizo lake ni injini na kilo.

Lori lile lile la tani 15, tuseme injini yake ina nguvu za farasi 160. Baada ya kupotea njiani kwenye gia na difu, zinazofika kwenye magurudumu ni kama kilowati 100. Kwa hesabu ya karibu, likiwa tupu linahitaji sekunde 12 hivi kutoka kilomita 40 mpaka 80 kwa saa kwenye tambarare. Likiwa na tani 10 za mahindi linahitaji kama sekunde 45. Zikiongezwa tani 3 juu ya hapo, muda unafika dakika nzima.

Dakika moja inaonekana ndogo ukiwa umekaa dukani. Barabarani ni jambo jingine. Katika dakika hiyo lori linakuwa limetembea karibu kilomita moja. Dereva anayetaka kulipita gari la mbele yake kwa kuchanganya kutoka kilomita 40 anahitaji kuona kilomita hiyo yote ikiwa tupu, pamoja na nafasi ya gari linalokuja upande wa pili. Kwenye barabara yenye kona na vilima kama ile ya Songea kwenda Njombe, mahali pa namna hiyo ni pa kutafuta.

Dereva aliyezoea kuendesha likiwa tupu analikumbuka lori lililochanganya kwa sekunde 12. Anaingia upande wa kulia akitegemea kumbukumbu hiyo. Akiwa katikati anagundua kwamba leo lori ni jingine. Ajali nyingi za kupita gari jingine huanzia hapo, na baadaye husemwa kwamba dereva alikuwa mzembe. Uzembe upo, lakini mara nyingi ulianza kwenye upakiaji, pale ambapo hakuna aliyemwambia amebeba kilo ngapi.

Mlimani hali ni nzito zaidi. Kwenye mlima unaopanda mita 8 kwa kila mita 100, lori la tani 15 litaishia mwendo wa kilomita 27 kwa saa. La tani 18 litaishia 23. Hapo dereva amekanyaga mpaka chini na nguvu yote inaliwa na mlima. Kinachobaki kwa ajili ya kuongeza mwendo ni sifuri. Kumpigia simu na kumuuliza amefika wapi hakuongezi hata mita moja.

Mfanyabiashara anayedai mzigo uwahi huku akizidisha mzigo anadai vitu viwili vinavyopingana. Injini haiwezi kumpa vyote.

Kinachopanda ndicho kinachoteremka

Kikomo cha kuongeza mwendo kina ndugu yake, nacho ni kikomo cha kuupunguza. Breki nazo hutegemea tairi na barabara vilevile. Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ambao ndio mwisho wa sheria kwa magari yanayozidi kilo 3,500, linahitaji mita 36 hivi kusimama kwenye lami kavu, kama breki ni nzima kabisa. Kwenye lami yenye maji linahitaji zaidi ya mita 60. Kwenye tope huzidi mita 100. Ongeza mita 22 zinazopita katika sekunde moja ambayo dereva anaitumia kuona hatari na kuhamisha mguu.

Hizo ni hesabu za breki nzima na baridi. Mteremko mrefu unaleta adui mwingine, ambaye ni joto.

Lori la tani 15 likiteremka kutoka mlima wa mita 300 kwenda juu, na kazi yote ikaachiwa breki, joto linalozalishwa linatosha kuchemsha zaidi ya lita 100 za maji. Joto hilo lote linaingia kwenye vyuma vichache vilivyofichwa ndani ya magurudumu. Kila tani inayoongezwa inaongeza sehemu yake. Breki zikishapata moto kupita kiasi hupoteza nguvu ya kushika, na dereva anaweza kukanyaga mpaka sakafuni bila lori kupungua mwendo.

Madereva wazoefu wa Lukumburu wanajua kwamba gia uliyopandia mlima ndiyo ya kuteremkia. Injini hushika mwendo na breki hubaki baridi. Lakini gia nzito ni mwendo wa polepole, na dereva aliyeahidiwa chai ya kuwahi ana sababu ya kutoitumia. Wengine huachia gia kabisa ili kuokoa mafuta. Hapo mwenye mzigo amelipa fedha yake mwenyewe kuiweka mali yake hatarini.

Ni vema faida ya haraka hiyo ikapigiwa hesabu. Kutoka Songea mpaka Makambako ni kilomita zinazokaribia 300. Lori linalokwenda kwa wastani wa kilomita 45 kwa saa hutumia saa 6 na dakika 40. Likijitahidi kufikia wastani wa 50, linatumia saa 6. Tofauti ni dakika 40. Kuondoka Songea dakika 40 mapema kunaleta faida ile ile, na hakuchomi breki.

Bodaboda nayo ina kikomo chake

Si malori tu. Siku hizi gunia la kwanza la mkulima mara nyingi husafiri kwa pikipiki, kutoka shambani mpaka mahali lori linapoweza kufika.

Pikipiki ina kikomo cha tatu ambacho gari kubwa halikioni sana: kuinuka mbele. Inapochanganya, uzito hukimbilia nyuma. Gunia likiwa limefungwa nyuma ya ekseli, na pikipiki ikiwa inapanda mlima, gurudumu la mbele hubaki na uzito mdogo mno. Dereva akivuta mafuta ghafla, gurudumu hilo huinuka, na lililoinuka halikati kona wala halifungi breki. Anayelala chini ya gunia ni dereva, na mara nyingine ni mkulima mwenyewe aliyekalia tangi.

Hapa pia kilo ndiyo inayoamua, na mahali ilipokaa. Magunia mawili madogo yaliyoning'inizwa pande mbili, karibu na katikati na karibu na chini, ni salama kuliko moja kubwa lililorundikwa nyuma na juu. Uzito ni ule ule, lakini kikomo kimesogea mbali.

Lumbesa inaharibu hesabu

Linabaki swali la kwa nini watu hawapimi. Jibu moja ni lumbesa.

Gunia linalotajwa kuwa la kilo 100 likishonewa kichwa cha kamba na kujazwa mpaka likavimba, linaweza kufika kilo 130. Mkulima analipwa kwa gunia moja. Kwa magunia 100 ametoa tani 3 za mahindi bure. Hasara hiyo imesemwa sana, na serikali imepiga vita lumbesa kwa miaka mingi kupitia Wakala wa Vipimo.

Kinachosemwa kidogo ni kwamba lori nalo limedhulumiwa. Mwenye lori amekubali magunia 100 akidhani amebeba tani 10. Kumbe amebeba 13. Tani 3 hizo zimepanda bila nauli, na ndizo zilizofanya sekunde 45 zikawa dakika nzima, na mwendo wa mlimani ukashuka kutoka 27 mpaka 23. Matairi, klachi na breki ni vyake. Mkulima ametoa bure na lori limebeba bure, kwa faida ya mtu mmoja aliye katikati.

Kisha ipo sheria. Tanzania ilianza Machi 2019 kuitumia sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, iliyopitishwa mwaka 2013. Ekseli ya mbele ya usukani haitakiwi kuzidi tani 8, na ekseli moja ya nyuma yenye matairi mawili mawili haitakiwi kuzidi tani 10. Lori letu la tani 15 linapita, kwa kuwa ekseli yake ya nyuma imebeba tani 10 kamili. Lile lenye lumbesa, la tani 18, limeweka nyuma kama tani 12. Kwenye mizani ya Makambako ndipo mwenye lori anapogundua alichobeba, na wakati huo faini na usumbufu wa kushusha mzigo ni juu yake.

Mizani hiyo inalaumiwa sana na wasafirishaji. Hata hivyo, inachofanya ni kuuliza lile swali ambalo lilipaswa kuulizwa Songea.

Nauli iwe kwa kilo

Wapo watakaopinga. Mfanyabiashara atasema kwamba lori likibeba zaidi, nauli ya kila gunia hupungua, na mteja wa Dar es Salaam hajali lori lilipandaje mlima. Hoja hiyo ina ukweli wake. Safari moja yenye mzigo mkubwa hula mafuta machache kuliko safari mbili zenye mzigo mdogo.

Lakini unafuu huo ni wa kweli mpaka kwenye uzito ambao lori limetengenezewa. Ukivuka hapo, kinachookolewa kwenye mafuta kinarudi kama tairi lililopasuka, klachi iliyoungua, faini, na siku mbili za kulala porini ukisubiri fundi. Mfanyabiashara mdogo aliyekopa mtaji hana akiba ya kubeba hasara ya namna hiyo hata mara moja.

Mkulima naye atasema kwamba hana nguvu. Akikataa lumbesa, mnunuzi anakwenda kwa jirani. Hiyo pia ni kweli kwa mkulima mmoja mmoja. Ndiyo maana mizani haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Lazima iwe ya kijiji.

Mfano upo hapahapa mkoani. Ufuta na mbaazi vinavyouzwa kupitia vyama vya msingi na stakabadhi ghalani hupimwa kwa mizani, na bei hutajwa kwa kilo. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, nao hununua mahindi kwa kilo. Mkulima yule yule anayejua kilo zake za ufuta hana sababu ya kuyauza mahindi yake kwa kukadiria kwa macho.

Kinachotakiwa ni hatua moja zaidi: kilo hizo zifuate mzigo mpaka kwenye lori. Nauli ipangwe kwa kilo. Karatasi anayopewa dereva iandikwe kilo, si idadi ya magunia tu. Mkataba ukisomeka hivyo, lumbesa inapoteza maana, kwa sababu kila kilo iliyofichwa ndani ya gunia italipiwa nauli. Mwenye lori anajua alichobeba. Dereva anajua kama leo ana lori la sekunde 12, la 45 au la dakika nzima.

Pili, chai ya kuwahi ifutwe. Kama mwenye mzigo ana fedha ya ziada, aitoe kwa dereva aliyefika na breki baridi na magunia yote. Anayetaka mzigo uwahi aupakie mapema.

Tatu, kabla ya kukubaliana nauli, mwenye mzigo azunguke lori na kuangalia matairi. Ni dakika tatu tu. Wakati wa mvua, tairi lenye meno lina thamani kuliko injini mpya, na nauli ya chini kwenye matairi vipara si nafuu hata kidogo.

Nne, magunia yapangwe chini na kusambazwa vizuri, si kurundikwa nyuma mpaka juu ya bomba. Mzigo uliokaa juu hulipindua lori kwenye kona hata kama kilo zake hazijazidi.

Hakuna hata moja kati ya mambo hayo linalohitaji mradi mkubwa au kusubiri bajeti. Mizani ya ghalani, kalamu na mtu mwaminifu wa kuandika vinatosha kuanzia. Chama cha msingi chenye ghala kinaweza kuanza msimu huu, na wafanyabiashara wanaopakia pamoja mjini wanaweza kuchangia mizani moja.

Waswahili walisema haraka haraka haina baraka. Kwa lori la mahindi linaloukabili mlima wa Lukumburu, maneno hayo ni hesabu kamili. Tairi lina kiasi chake, injini ina kiasi chake, breki zina kiasi chake, na vyote vitatu vinasoma kilo. Ni wakati sasa wauzaji na wanunuzi wa Songea nao wakasoma kilo, kabla mlima haujawasomea.